Mgongo wa Risiti

Baba alikuwa karani wa mizani, Newala, ghala namba mbili.
Mchana aliandika korosho:
jina, kijiji, kilo, daraja.
Usiku aligeuza risiti
akaandika upande usio na mistari.

*Nalyoto, baada ya uraka, kasema kijiji kipya kimemmezea shamba.*
*Mke wa Chihako husikiliza redio ya ng'ambo ya Ruvuma, sauti chini.*
*Mwalimu Mkwavila kacheka katikati ya hotuba.*
Kacheka.
Neno limepigiwa mstari mara mbili, kwa rula.

Nimevikuta leo chini ya chaga za kitanda chake,
vitabu kumi na saba, mchwa wamekula pembe,
vinanuka yale mafuta ya maganda yanayobabua ngozi.

Mimi Land Rover siikumbuki. Somoe, dada yangu, anaikumbuka:
Alhamisi, magharibi imeshaingia, taa zimezimwa,
mwanamume wa soksi nyeupe anaandaliwa chai,
sisi tunapewa biskuti tukacheze nje.
Biskuti zilikuwa tamu.
Hilo nalikumbuka.

Bibi alijisifu kwamba ukoo wetu umejaliwa mwandiko.
Babu alimwandikia Mwingereza wa boma.
Na baba yake babu, asiyejua herufi,
alimwonyesha akida kwa vidole
nyumba zipi zimekunywa maji,
moja, mbili, ile yenye kuku weupe.
Bendera zikapokezana mlingoti uleule.
Kwetu kilibaki kiti cha mgeni,
kimetazama mlango, hakikaliwi na mtoto.
Wakubwa walikuwa mbali, hawakuwa na masikio huku uwandani;
waliazima ya kwetu,
na cha kuazima, wanasema, hurudishwa.

Mwalimu Mkwavila alihamishwa.
Ndivyo tulivyoambiwa, *amehamishwa*,
na hakuna mtoto aliyeuliza wapi.
Darasa la nne tuliendelea na hesabu wenyewe
hadi ukurasa wa sitini, kwenye sehemu,
tukashindwa, tukafunga vitabu.

Juzi, kwenye kaburi la baba,
aliyeshika jembe muda mrefu kuliko wote
ni Abderehemani, mwana wa Mkwavila.
Udongo mwekundu ulimfika magotini.
Alikataa maji mpaka amalize.
Akanishika mkono, akasema, "Mzee wako alikuwa mtu wa watu."

Nimeketi na risiti hii, Somoe ananiita chakula.
Naigeuza upande wa mbele:
Mkwavila, kilo sitini na mbili, daraja la kwanza.
Hajalipwa.