Kununua Uso, Kukodi Mapafu

Kazi yangu ni nusu kaputi.
Kutwa nakaa kichwani kwa mtu aliyelala,
naangalia mfuko mweusi unavyojaa na kunywea.
Basi usinifundishe habari za hewa, Hizza.
Nifundishe bei.

Hizza ana stoo ya bati nyuma ya Msasani,
harufu ya mpira, dawa ya choo, chumvi iliyolala.
Vizibao vimening'inia kwenye henga
kama mashati ya wapangaji waliohama bila kuaga.
"Kodi, sista. Elfu hamsini, kila kitu,
mtungi umejaa, mkanda wa risasi juu yangu.
Ukinunua utaosha, utakausha, utapeleka kwa fundi kila mwaka,
na fundi wa vitu hivi humpati kwa kupiga mluzi."

Nimekodi mara nne.
Mara ya kwanza suti ilinibana kwapa.
Ya pili ilinipwaya, ikabeba nusu ya Mbudya mgongoni.
Ya tatu mapezi yalikuwa ndugu wa baba tofauti,
la kushoto refu; nikazunguka kama pia.
Ya nne barakoa ilianza kuvuja mita tatu tu chini.
Wenzangu walimwona kasa.
Mimi niliona chumvi.
Wahenga walishaonya kuhusu nguo ya kuazima;
juu ya miwani hawakusema lolote,
lakini nadhani walimaanisha.

Mwezi huu upatu umeniangukia. Laki nane.
Nakiete wa wodi ya watoto kanipa bahasha, kauliza,
"Simtanki au friji?"
Nikakohoa.

Duka la Masaki lina kiyoyozi
na kijana mpole asiyejua kuogelea; alikiri mwenyewe.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya luku:
seti nzima, milioni tatu na ushee.
Gawa kwa elfu hamsini, ni kuzama mara sitini.
Kwa zamu zangu, mara nne kwa mwaka,
miaka kumi na mitano,
na kufikia hapo mpira utakuwa umepasuka,
pengine na goti langu.

Nikaacha kuuliza kipi nafuu.
Nikauliza: kipi, kikiwa cha mwingine, kinaniharibia?
Mtungi hapana, chuma ni chuma.
Risasi hazina mwenyewe.
Regyuleta, hapo nilisita,
mdomo wangu mahali pa midomo ya watu.
Lakini hata kazini tunaosha, tunachemsha, tunarudia.
Nitanunua kile kipande cha kuuma tu, elfu ishirini,
nitakifunga mwenyewe.

Uso ndio hauazimiki.

Weka bila mkanda, vuta kwa pua, achia.
Barakoa ya kwanza ikaanguka.
Ya pili ikaanguka.
Ya tatu, laki tatu, ya bluu, nzuri kuitazama,
ikanikalia kama mgeni asiyezoea kigoda.
Zilikatwa kwa pua za kwao.
Yangu ni ya Newala, pana, ya bibi mzaa mama,
haijawahi kumwomba mtu radhi.
Ya nne ilikuwa rafu ya chini, nyeusi, na vumbi lake.
Nikavuta.
Ikaning'ang'ania.
Nikasimama katikati ya duka, mikono chini,
sipumui, imeshika,
na kijana akaanza kuhesabu bila kuambiwa.

Laki moja na themanini. Nikalipa.

"Hata pumzi yenyewe ni ya kukodi," alisema Hizza
nilipomrudia na mpango wangu wa nusu-nusu.
Nikamwambia akawaambie hivyo wagonjwa wangu,
halafu anipunguzie kumi, maana uso nimekuja nao.
Akapunguza tano.

Usiku, Tandika. Umeme upo, maji hayapo,
ila beseni moja la akiba.
Kwenye mkanda nimebandika plasta ya kazini,
jina na tarehe, kama tunavyoandika kwenye sindano.
Nikainamisha uso ndani ya maji ya vyombo.
Nikaona maua mekundu ya beseni,
ufa mdogo, punje moja ya wali.
Pua kavu.
"Umepoteza nini humo?" aliuliza mpangaji wa chumba cha pili.
Sikuinua kichwa kumjibu.