Masizi

Nimekikalia kiti hiki miaka kumi na tisa,
ukumbi wa pili, makumbusho ya Viljandi,
mkabala na picha isiyo na sahihi:
ziwa, usiku, mwezi umekwama kwenye misonobari
kama kifungo kilicholegea uzi.
Mwanamume yumo mashuani, kasia mapajani.
Mwanamke yuko ukingoni, amempa mgongo.
Baina yao maji meusi, na weusi huo
kila ajaye huujaza chake.

Mwalimu Endel huleta darasa kila vuli:
"Mwezi ni tumaini, andikeni. Kasia ni nia."
Watoto huandika. Mmoja, kamasi zikimchuruzika,
aliuliza kama tumaini lina mbu.
Msichana wa chuo alisema mwanamke ni mauti.
Nikayaangalia mauti yale, visigino vyekundu kwa baridi,
aproni imefungwa fundo la haraka,
nikanyamaza. Silipwi kwa kufasiri.

Alhamisi huja mzee Kaljo, kofia mkononi.
Habari za ishara hana. "Wamegombana," husema.
"Bega lile nalijua. Vaike wangu alikuwa nalo.
Ukiliona, beba blanketi ukalale ghalani."

Machi akaja Maarika, mtengeneza picha,
na pamba kijitini, na mate yake mwenyewe
(ndiyo, mate; alisema hakuna dawa pole kuyashinda),
akaupangusa usiku, ukucha kwa ukucha.
Wiki saba. Kumbe nusu ya huzuni ile
ilikuwa masizi ya jiko la kuni lililokaa pale pembeni,
na vanishi iliyoiva kama chai ya jana.
Usiku ukabaki usiku, lakini wa Juni,
wa huku kwetu, usiokolea:
anga la maziwa yaliyoenguliwa malai.
Na konani, palipokuwa giza tu,
mbwa. Mdogo, mkaidi, mguu mmoja juu,
hataki kupanda mashua.

Kaljo alisimama hadi kengele ya kufunga.
"Kumbe alikuwa anamwita mbwa."
Kisha tena, polepole, wala si kwangu:
"Alikuwa anamwita mbwa tu."
Kofia ikamponyoka. Niliiokota mimi.

Wenzangu wanasema picha imepona.
Labda. Nina kijiti kimoja kwenye mtoto wa meza,
nilikiiba, pamba yake nyeusi tii.
Siku zisizo na wageni nakitoa, nakinusa:
moshi, magome, na kitu cha kale
ambacho sote tulikiita majonzi.

Alhamisi hii Kaljo hakuja. Hata iliyopita.
Mbwa bado ameinua mguu.