Namba Kumi na Saba Hadi Ishirini

Mashine zenyewe zilikuwa mtumba, hilo watu husahau.
Zilikuja kwa reli, na kutu ya nchi ya watu kwenye meno,
Velji akazifunga barabara ya Lunga Lunga, themanini na mbili,
na pamba ya Busia ikaanza kuingia kwa robota.

Mama yangu, Kalekye, alipewa nne.
Mtande ukikatika: sekunde tatu, fundo, endelea.
Kile kijiti cha kupitisha mshindio walikiita panya
kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kikipita.
Na kelele ile! Walisemezana kwa midomo bila sauti:
mshahara, mimba, msimamizi huyo anakuja.
Alfajiri alirudi Mukuru na vumbi la pamba kichwani,
sisi tukimcheka, bibi kizee, bibi kizee,
naye hajatimiza thelathini.

Kisha majora yakarundikana. Mnunuzi hakuja.
Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa barua.
Velji akauza mashine kwa kilo.

Mlango ni uleule, na robota zinaingia bado:
mashati ya wafu wa Ulaya, watu husema.
Nguo ya kuazima haisitiri, lakini hizi zimenunuliwa,
na mimi ndiye ninayefungua, ninayehesabu, ninayetia bei.

Mama haji huku. Masikio yalikufa zamani.
Ila kanisani humkodolea macho mwanakwaya mmoja mmoja,
na tukitoka hunitajia, kidole kwa kidole,
wale waliokuwa wanafumbua mdomo tu.