Daftari la Wing Hing

Baba hakuandika majina.
Aliandika kwa Kichina cha baba yake, wima, kwa penseli,
watu kama walivyosimama mbele ya kaunta:
Jino la Dhahabu, sukari kilo mbili.
Mama Mapacha, maziwa ya kopo, tena maziwa ya kopo.
Anayecheka Kabla ya Kukopa, betri nne.
Humo nilijifunza kusoma
kabla masista hawajanifundisha a, be, che.

Honiara yote, ng'ambo yetu ya mto Mataniko,
ilidaiwa na duka,
na duka likadaiwa na meli,
na meli sijui ilidaiwa na nani.
Ndivyo tulivyoshikana.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ilikuwa nalo,
ikapotea na habari zake zote,
redioni, saa moja jioni.

Hasira ilianzia kilimani, bungeni,
kwa jambo la wakubwa ambalo hata leo
nikiulizwa nalieleza vibaya.
Ilipokosa mlango wa mkubwa
ikateremka.
Milango yetu ilikuwa ya mbao.

"Waku, rudini kwenu!" alipaza mtoto mmoja,
na ndara alizovaa zilitoka rafu yetu ya chini.
Kwetu? Baba alizaliwa chumba cha nyuma,
kati ya magunia na madebe ya mafuta ya taa.
Kipijini ndicho anachootea, ndicho anachotukania.

Tulitokea uani.
Bibi, miaka themanini na minne, alikataa kuacha birika.
"Mara ya kwanza niliacha," alisema,
akimaanisha moto ule mwingine,
"nikanywea chai kwenye kopo la samaki mwaka mzima."

Mto ulifika kiunoni, rangi ya chai iliyolala.
Kwaimani akatokea. Ndiye Mrefu wa Darajani:
mchele, mchele, sabuni, mchele,
hajalipa tangu Pasaka.
Hakusema neno. Akainama,
akambeba bibi mgongoni, birika likimgonga shingo,
akamvusha,
akamtua nyasini kama mtu anayetua mayai.
Kisha akaingia tena majini, nami nikamwona
akipita mlango ule ule tuliotokea
na kurudi na gunia la kilo ishirini
mgongo ule ule.

Moto ulipofika rafu ya viberiti tuliusikia.
Friza lilitoka limebebwa na wanaume wanne,
polepole, kwa adabu,
kama maiti ya mtu mwenye cheo.

Bima haitambui ghasia.
Ipo ukurasa wa tisa, herufi za mchwa.
Hapo ndipo nilipojua baba hasomi Kiingereza
kama alivyotuaminisha miaka yote.

Usiku wa tatu, ukumbini mwa kanisa,
aliomba daftari la mtoto wa mtu,
jaladani picha ya kasa,
akaanza kuandika kwa kukumbuka.
Jino la Dhahabu. Mama Mapacha, na tarehe zake.
Nikamwambia: dawa ya deni kulipa, baba,
lakini nani atakuja kulipa jivu?
Hakuinua kichwa.

Alipofika kwa Mrefu wa Darajani
akaandika: mchele, kilo ishirini.
Akapiga mstari katikati ya ukurasa.
Upande wa pili, unapoandikwa uliolipwa,
akaandika: Mama yangu. Mto.
Penseli ikasimama penye bei.
Akailamba ncha. Akaisimamisha tena.
Bibi alikuwa amelala,
vidole vimepita ndani ya mkono wa birika.

Asubuhi nafasi ile ilikuwa bado tupu.
Baba alinipa noti mbili zenye majimaji,
akanituma nikaulize bei ya mabati.