Sikio la Nguruwe

Tangi lilijazwa Jumanne.
Jumatano alfajiri tulilikuta limelia usiku kucha,
na ardhi ya Mvumi, isiyoonja tone tangu Mei,
imelewa maji ya watu mia nne.

Mhandisi Gordon alilizunguka mara mbili,
akapitisha kidole kwenye ufa,
akajipiga kofia pajani, akatamka neno la kwao.
Wote wakanigeukia mimi,
mkalimani wa posho ya siku,
mwenye cheti cha kidato cha nne na kamusi isiyo na jalada.

Nikasema: "Anasema, fundi, umetengeneza sikio la nguruwe."

Kimya.
Ndahani akaangalia tangi, akaangalia viganja vyake.
"Ahsante," akasema.

Mama Sechelela, mwenye nguruwe saba nyuma ya kanisa,
akamuunga mkono: sikio la nguruwe si mchezo.
Jembamba, lina joto,
jua likiwa nyuma yake unahesabu mishipa.
Debe la pumba likigongwa kwa Mchiwa, ng'ambo ya korongo,
lenyewe limeshasimama.
Aliyeliumba hakuwa na haraka.

Mbeleje akauliza, la kushoto au la kulia?

Jasho likanitoka.
Maneno ya kwetu yalishajazana mdomoni
yakisukumana kama watoto bombani:
ameboronga, la darasani, lenye wino mwekundu;
amechemsha, la vijana wa stendi,
lina kicheko ndani yake, kesho umesamehewa;
amelikoroga, hilo huja na kikombe mkononi
na halibanduki mpaka ulinywe.
Na amelipua.
Ah, hilo ndilo la mafundi:
mlipuko usio na moshi wala kishindo,
ukuta unaosimama wima
mpaka mwenye nyumba amalize kulipa.

Lipi kati ya hayo lina masikio?

"Umelipua, Ndahani," nikasema hatimaye.
"Ndiyo maana yake. Nguruwe hahusiki."

Hakubisha. Alichuchumaa,
akaokota msumari, akachora mistari mchangani,
akaifuta miwili kwa kidole gumba.
"Mifuko ya saruji ilikuwa kumi na miwili.
Kumi imo humo.
Miwili iko kwa mama."

Kwa mama tunapajua. Hupitwa ukienda kuchota.
Kingo zimenyooka kama uzi wa timazi,
jina limechorwa kwa ncha ya mwiko, herufi baada ya herufi,
mvua za misimu miwili zimelipiga lile kaburi
na halina ufa hata wa unywele.
Pale hakulipua.

"Anasemaje?" Gordon akauliza, kalamu tayari.

Safari hii maneno nilikuwa nayo yote,
ya kwao na ya kwetu,
hakuna hata moja lililoniponyoka.

"Anasema mchanga wa korongoni una chumvi.
Ataziba. Atarudia upya."

Gordon akaandika chumvi, akaipigia mstari.
Mama Sechelela, asiyejua Kizungu hata cha salamu,
alinikazia macho mpaka nikainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.
Kisha akatwaa ndoo yake tupu, akaondoka.

Jioni, tukichanganya zege la kwanza,
Ndahani aliniuliza pembeni: "Ulimwambia nini yule?"

"Sikio la nguruwe," nikamjibu.