Ritifaa

Kurasa arubaini na moja, saa saba usiku, Mkoani,
mvua inatwanga bati la ofisi ya maji,
na ukurasa wa kumi na tisa una sanduku tupu.
Ndani yake, alama ya kuuliza.
Chini yake, maneno niliyoyaandika mwenyewe:
Mchoro wa 7. Chumvi katika visima vya Ng'ombeni.

Wambaa ipo. Chokocho ipo na rangi zake.
Kengeja, Mtambile, Makombeni, zote zimekaa pahala pao
kama watoto wa chuoni walioitwa majina.
Ng'ombeni haikuitika.

Nikafungua folda. Faili limo.
Nikalibonyeza, likafunguka: pau kumi na mbili,
ule wa Februari umepanda hadi ukingoni.
Basi nikaanza ujinga wa saa hizo:
nimetia herufi kubwa? Sikutia.
Folda nimeihamisha? Iko palepale.
Au njia bado inaelekea kwenye kompyuta ya Shaame,
aliyehamia Unguja na ufunguo wa kabati?
Hiyo niliirekebisha tangu Ramadhani.
Nikafuta kila kitu, nikaizalisha ripoti upya.
Programu ikahesabu, ikakwama, ikaniandikia:
faili halikupatikana.
Si hili hapa! nikasema kwa sauti,
mlinzi akachungulia dirishani.

Bi Time Kombo ndiye aliyevipima visima vile
mwaka mzima, kwa ndoo ya samawati na kipimo cha kuazima.
Siku aliyonikabidhi daftari aliuliza jambo moja tu:
"Na sisi tutaonekana humo?"
Nikamwambia mtaonekana.

Saa tisa. Umeme ukakatika, ukarudi.
Nikausoma ujumbe wa kosa kama mtu asomavyo barua ya deni,
neno kwa neno, mpaka mkiani,
na mkia wake ulikuwa mfupi mno:
michoro/ng
Basi. Hapo umekwisha.

Kumbe ni ritifaa.
Kimkia kile kinachoning'inia ubavuni mwa herufi,
kinachoipeleka sauti puani,
programu ilikiona ikadhani nimefunga nukuu,
nimemaliza kusema.
Ikaenda zake kutafuta kitu kiitwacho ng,
pembe bila kiwiliwili,
haikukuta,
ikanirudishia sanduku.

Nikalibadilisha jina faili: ngombeni,
jina la kuitikia mwenye masikio mazito.
Bibi yangu angelisikia angeliniuliza nimelelewa wapi.
Lakini chini ya mchoro, pale wanaposoma watu,
ritifaa nimeiacha, na nimeikuza nukta moja.

Kabla ya adhana mchoro ukatokea.
Nikapiga makofi, peke yangu, ofisi nzima,
kisha nikauangalia tena ule upau wa Februari
ulivyouruka mstari wa maji ya kunywa,
mikono ikashuka yenyewe.
Ndio, Bi Time. Mmeonekana.