Bado Umo Ndani

Bi Zuleha Mbarouk kanipigia simu alfajiri
kutoka wodi ya wazazi, Wete:
"Mashine yako inaniambia nimo ndani.
Mimi niko nje, Shaame, nimesimama
na jina langu mdomoni kama mgeni.
Nani aliyemo ndani?"

Nikavaa shati la jana.
Limbani kote matope, pikipiki ikiteleza.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya vyandarua,
mpaka leo kinanuka dawa ya mbu.
Humo nimemweka bawabu,
ana milango miwili tu:
elfu moja mia nane kumi na mbili, wa hodi,
na wa kumi na tatu, wa daftari.
Hodi ni tatu, kama tulivyofunzwa chuoni;
usipoitikiwa, rudi ulikotoka.
Na ukiitikiwa, si ruhusa ya kufika chumbani:
mwanafunzi wa uuguzi huishia barazani,
daktari hupita ukumbini,
mhasibu ana ufunguo wake.
Kisha kalamu: fulani kaingia saa ngapi,
kwa kifaa kipi, kachukua kiasi gani.
Na akitoka, aage.

Hapo ndipo penye kidonda.
Usiku umeme ulikatika,
jenereta likakohoa, likanyamaza,
na watu thelathini na wanane wakatoka
bila kwaheri.
Bawabu hana macho. Ana daftari.
Mstari usiofungwa, kwake, ni mtu aliyekaa.
Na ni mimi, kwa mkono wangu, niliyemwandikia:
mtu mmoja, kiti kimoja.

Ndipo Bi Zuleha akazuiwa na Bi Zuleha.

Nimempa amri mpya:
kila dakika tano uliza, "Ungalipo?"
Kimya mara tatu, funga,
na sababu andika: njia imekatika.
Usiandike: kaondoka.
Si kitu kimoja.

Nikawafunga mmoja mmoja, nikihesabu kwa midomo.
Thelathini na wanane. Daftari linasema thelathini na tisa.

Hamad Kombo, maabara.
Kikao cha siku sitini na moja.

Siku ya boti, Mkoani, nilimwambia nina kazi.
Kazi nilikuwa nayo, kweli.
Ilikuwa kubadilisha waya mmoja
ambao ungengoja mpaka Jumatatu.
Sasa yuko Maskati, na hapa yumo ndani,
kakaa kwenye kiti chake, hasemi,
hapokei hata herufi moja.

Mashine haifungi bila sababu. Orodha ninayo:
mwenyewe kaomba.
Njia imekatika.
Kanyamaza kupita kiasi.
Msimamizi kafunga.

Nilikaa na ile orodha mpaka chai ikapoa.
Nikachagua ya mwisho.
Ndiyo ya kweli.

Simu ikalia tena.
"Nimeingia," kasema Bi Zuleha,
"na usinikate sasa hivi, tafadhali.
Nina watoto wawili wa usiku
hawajaandikwa."